Ukurasa wa Jebet

Mama mmoja alifika katika maktaba ya chuo chetu kikuu kabla sijanywa chai, na kabla ya chai mimi si mtu wa kuongeleshwa. Alikuwa ametoka Elburgon na matope ya huko viatuni.

"Mwalimu, nataka kuona jina yangu," alisema. "Kijana yangu, Kipkemoi, aliniandika kwa kitabu ya digrii. Alituacha mwaka jana."

Sikumwambia kwamba mimi si mwalimu. Nilimpa pole, nikafungua kompyuta. Tasnifu ya Kipkemoi ilikuwepo, juu ya miti inayochipuka upya msituni Mau. Nikatafuta ndani yake jina alilonitajia mama, Jebet. Hakuna kitu.

Nilijua kwa nini. Tulipokuwa tukiingiza tasnifu kwenye maktaba ya dijitali, ni mimi niliyewaambia wenzangu waskani kuanzia Sura ya Kwanza. Tabaruku na shukrani nilisema ni maneno ya nyumbani, hakuna mtafiti anayeyahitaji. Tulimaliza kabla ya muda, nikasifiwa, nikavimba kichwa. Nakala zenyewe zilikuwa stoo, zimefungwa kamba, zikingoja lori la karatasi kuukuu siku ya Ijumaa.

"Ningoje kidogo, mama."

"Kungoja nimezoea."

Nilikata kamba bunda baada ya bunda, nikijitukana kwa Kibukusu, mpaka nikaipata ya Kipkemoi. Nilirudi nimejaa vumbi.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Nionyeshe tu mahali niko."

Nikaweka kidole chake chini ya jina, nikamsomea kwa Kiswahili: "Kwa mama yangu, Jebet, aliyeniuliza kila jioni nimesoma nini, akanisikiliza mpaka mwisho."

Hakulia. Aliniomba nisome tena, na tena. Mara ya tatu nililia mimi.

Niliuskani ukurasa huo mbele yake, nikauingiza mahali pake, nikaandika tena Jebet. Safari hii jina lilitokea.

"Mtu ya mbali akifungua, ataniona?"

"Atakuona kabla ya kuona mti wowote."

Ijumaa lori lilipofika nililirudisha tupu. Zimebaki tasnifu mia tatu na kumi, na kurasa za mwanzo naziskani mwenyewe, kwa sababu kosa ni langu.

Jioni simu yangu hulia. Ni Jebet, naye hana salamu ndefu.

"Leo umesoma nini?"

Mimi humsomea majina ya watu walioshukuriwa katika kurasa nilizoskani siku hiyo, mmoja mmoja, naye hunisikiliza mpaka mwisho.