Ukoko wa Chungu cha Kale

Siku ya wageni pale makumbusho, nilipika mtama katika chungu kipya kilichofinyangwa kwa mfano wa kile tulichofukua ardhini, ili watu waonje mapishi ya kale. Chungu cha kale chenyewe nilikiweka mezani, kando. Ndani kilikuwa na ukoko mweusi wa karne nyingi, na kesho yake ungepelekwa maabara utuambie watu wale walikula nini.

Shangazi alikuja kunisaidia kuosha vyombo. Niliporudi kutoka kuwaaga wageni, nilimkuta kwenye sinki, waya wa kusugulia mkononi, chungu cha kale kikimeremeta.

"Mwanangu, hiki kimenitoa jasho! Nani alikiunguza hivi? Watu wangesema hukufunzwa kwenu."

Maji meusi yalikuwa yakiishia kwenye tundu. Niliweka kiganja juu yake, nimechelewa.

"Kuna kingine?"

"Hakuna, shangazi. Asante."

Akajifuta mikono, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Haya, nifundishe na mimi. Hao watu wa kale walikuwa wakila nini?"

"Hatujui, shangazi," nikamwambia, nikampokea ule waya.