Mgeni wa Alhamisi Asema Maganga Hajafa

Alhamisi jioni, ng'ombe wakiwa bado njiani kutoka malishoni, watu wa kijiji kimoja karibu na Mwakitolyo walikusanyika barazani kusikiliza redio. Redio hiyo ya betri ililetwa na serikali, ikawekwa dirishani mwa ofisi ya Mageni, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Kila Alhamisi mtangazaji wa Dar es Salaam, Bwana Stanslaus, aliwahoji watu waliotunga vitabu. Alhamisi iliyopita alikuja mjuzi wa vyoo. Kabla yake alikuja mwingine aliyewaambia Wasukuma kuwa ng'ombe wao ni wengi mno, na yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kumkamua hata mmoja.

Safari hii mgeni alikuwa Bwana Pelham, mwandishi wa kitabu juu ya dhahabu ya Jimbo la Ziwa. Watu walimngoja kwa hamu, kwa sababu Maganga alikuwa hajazikwa.

Maganga alikuwa ameketi nyuma ya wote, kwenye nyasi, kifua kimebonyea upande mmoja, tope la shimoni limemkaukia masikioni. Alifukiwa mgodini upande wa Rwamgasa wakati wa masika, akafia humo, akakaa akingoja kutolewa, na alipoona hakuna anayekuja akajitoa mwenyewe, akatembea hadi kwake. Mkewe Eufrasia alimpokea, akamwogesha, akatandika ngozi mpya ya ng'ombe, kisha akaenda kwa Mageni kuomba kaburi. Mwenye kaya huzikwa zizini mwake, na vijana hawashiki jembe mpaka mwanangwa aruhusu yowe la msiba lipigwe. Mageni alimwambia asubiri Alhamisi. Mwenye kitabu angesema kama kweli kuna mtu aliyekufa.

Basi Bwana Stanslaus akauliza. Alisikia kuwa shimo moja liliporomoka. Je, watu walipotea?

"Hakuna aliyekufa," alisema Bwana Pelham. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta-tafuta, kama mtu anayekula wali wenye mawe. "Wachache walitoroka kazi. Nimewataja kitabuni. Mmoja ni Maganga, mtu wa Mwakitolyo."

Vichwa vyote viligeuka nyuma.

"Umesikia mwenyewe," alisema Mageni. "Ulitoroka."

"Nimetorokea wapi, Mwanangwa, na mbavu hizi?"

"Mwenzako kaandika kitabu. Wewe umeandika nini?"

Watu wakacheka. Ni watu walewale waliolima na Maganga, waliokunywa pombe yake, na mmoja wao alikuwa amevaa shati lake. Aliyekaa karibu naye akasogea mbele kwa sababu ya harufu, akaendelea kucheka.

Maganga akainuka, akaenda hadi dirishani, akaiinamia redio. "Shikamoo, bwana."

"Marahaba," alijibu Bwana Pelham kutoka Dar es Salaam. "Nani huyu?"

"Samahani, ni msikilizaji," alisema Bwana Stanslaus. "Msikilizaji, sema kwa kifupi."

"Mimi ndiye Maganga. Magogo ya kuzuia dari yalikuwa yameoza, tukasema, tukaambiwa tuchimbe. Dari ikashuka. Tulikuwa hai, tukagonga mawe ili watusikie. Mnyapara alitusikia. Aliita jina langu, nikaitika. Kisha akaamuru shimo lifukiwe, kazi ihamie upande wa pili. Naomba useme hapo kwamba nilikufa, ili wanizike."

Redioni zilisikika karatasi zikifunuliwa.

"Maiti hasemi," alijibu Bwana Pelham. "Wewe unasema. Kwa hiyo u hai, na kama u hai una mkataba. Rudi kazini."

Bwana Stanslaus akamshukuru mgeni kwa maelezo yake ya kitaalamu, akaweka muziki wa dansi.

"Kwisha maneno," alisema Mageni, akaizima.

Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Eufrasia akaanza. Alipiga yowe lile la msiba ambalo mtu akilisikia huacha hata ng'ombe aliyezama matopeni akakimbia kuja. Alilia peke yake, akanyamaza, akaanza tena, na majirani wakatazama miguu yao. Hapo ndipo hasira ilipompanda.

"Mnamwona anaoza mnasema mzima! Woga wenu unanuka kuliko yeye!"

"Mama Paskazia, usitutafutie balaa," alisema Mageni. "Mgodi ukikataa kuwachukua vijana wetu, kodi ya kichwa tutaitoa wapi? Tukimzika, tumesema mgodi umeua. Nani atakwenda kulisema hilo bomani, wewe?"

"Nitakwenda."

"Nenda. Huyu utamkuta amekwisha chukuliwa."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kesho yake, kabla Eufrasia hajafunga hata kanga ya safari, lori la mgodi lilisimama mlangoni. Mnyapara alikuwa yule yule. Aliita jina la Maganga, na Maganga akaitika. Aliomba jambo moja tu, aachwe alale zizini mwake. Mnyapara akamwonyesha nyuma ya lori. Akapanda, mbavu zikilia kila lori liliporuka shimo. Mpaka leo yumo shimoni. Hapewi posho, kwa kuwa hali chakula.

Eufrasia akanyoa nywele zake, akamnyoa na binti yake Paskazia, kama wanavyonyoa waliofiwa. Mageni akamtoza mbuzi kwa kosa la kumlilia mtu aliye hai.

Mbuzi alichinjwa barazani Alhamisi iliyofuata, watu wakala huku mjuzi wa nyuki akizungumza redioni. Eufrasia mwenyewe ndiye aliyesonga ugali na kuwagawia, sahani hadi sahani, kichwa chake kiking'aa juani.

"Kuleni," aliwaambia. "Kuleni vizuri. Haya ndiyo matanga ya mume wangu."

Mikono ikasita juu ya nyama. Mageni akaomba chumvi.