Mchanga wa Kambare

Katika Dola ya Kioo kila raia alijua tabaka lake. Juu, pale ambapo Mkono ulimwaga chakula kila asubuhi, waliogelea samaki wa dhahabu, ukoo wa Mfalme. Katikati walikaa ningu, wembamba na wenye maneno mengi, na huko ndiko walikotoka mawaziri. Chini kabisa, kwenye mchanga laini kama unga, waliishi kambare wadogo arobaini. Hawakuwa na ugomvi na yeyote. Walitembea pamoja, wakichokora mchanga kwa sharubu kutafuta punje zilizozama, na kwa kuchokora huko sakafu ya dola haikuoza. Hakuna aliyewahi kuwashukuru.

Siku moja Mfalme Dhahabu alitazama chini, akaona mchanga ule ni wa kimaskini.

"Wageni wanaochungulia wataonaje?" aliuliza barazani. "Nataka sakafu inayometameta."

Amri ikatoka. Kambare wenyewe ndio waliosomba mchanga wao kwa midomo, wakaurundika nyuma ya jabali, kisha wakatandaza vipande vya chupa vya rangi. Kazi ilichukua siku tisa, nao waliagizwa waifanye huku wakiimba.

Mwezi haukuisha, sharubu zikaanza kukatika. Kambare asiye na sharubu hufa njaa na chakula kiko mbele yake. Punje zilitumbukia kati ya vipande vile, zikaozea humo. Ngogo, mume wa Bi Sharubu, alichanika tumbo akiwatafutia wanawe punje moja. Kidonda kikaota ukungu mweupe. Bi Sharubu akapanda barazani.

"Mtukufu, tunaomba mchanga wetu. Tunakatika nyuso."

Mfalme akamgeukia Waziri Ningu. "Hawa hula nini?"

"Mabaki yetu, Mtukufu. Na uchafu. Ndiyo asili yao, wanaupenda."

"Hatuli uchafu, Mheshimiwa," alisema Bi Sharubu. "Tunakula chakula kama wewe, ila chetu huzama."

"Mmesikia? Anajilinganisha!" Waziri aliliambia baraza.

Mfalme alitabasamu kwa upole. "Mama, taarifa niliyonayo inasema sakafu haijawahi kupendeza hivi. Umeitazama ukiwa huku juu?"

"Mimi huilalia, Mtukufu."

Baraza likapitisha maazimio mawili. Kwa kuwa chakula kinachozama hakiliwi, kidakwe chote huko huko juu. Na kwa kuwa kambare wana desturi ya kupanda kumeza hewa maji yakichafuka, jambo linaloweza kuwatia wageni wasiwasi, kupanda ni marufuku.

Wa juu wakala hadi wakavimbiwa, na yaliyowatoka yakateremka chini. Maji yakawa mazito. Ngogo alijaribu kupanda mara mbili, na mara zote mbili askari walimsukuma chini. Alikufa akihema, macho yakitazama juu.

Bi Sharubu hakupiga kelele. Aliwaambia majirani, "Mimi nakwenda kulala kwenye mchanga." Akaenda nyuma ya jabali, akajifukia. Waliokuwa na nguvu wakamfuata. Askari walikuja wakazunguka, wakakosa kosa la kuwashtaki: hawakupigana, hawakutukana, walikataa tu kuigusa sakafu ya Mfalme.

Sakafu ikaoza. Maji yakaanza kuwasha, mapezi ya Mfalme yakawa mekundu. Kwa mara ya kwanza katika utawala wake, akashuka mwenyewe.

"Tokeni mkasafishe! Nchi inakufa!"

"Ilianza kufia huku kwetu," alijibu Bi Sharubu. "Ulikuwa hujafika."

"Nitawapa vyeo."

"Tupe ruhusa ya kupumua."

Mfalme alitazama juu, ambako nduguze walikuwa wakitweta midomo wazi. Alifikiri. "Hilo," alisema, "litahitaji kikao."

Kikao hakikukaa. Adhuhuri Mfalme alielea ubavu, na nusu ya ukoo wake kando yake. Kambare wakapanda kumeza hewa bila kibali cha mtu. Wengi walikuwa wamedhoofu mno, hawakufika.

Mkono ukaja umechelewa, ukaondoa maiti, ukabadilisha maji. Arobaini walikuwa wamebaki tisa. Waziri Ningu akatawazwa, akamtuma karani kuzunguka dola nzima akisoma orodha ya mashujaa waliofariki katika msiba wa taifa. Walikuwa kumi na sita, wote wa dhahabu.

"Na wetu?" aliuliza Bi Sharubu.

Karani alipekua taarifa yake. "Kambare? Hapa pameandikwa walihama."

"Basi andika. Ngogo, mume wangu. Mwakatope. Bi Kiduku na bintiye Tuli..."

Karani alikumbuka kwamba anasubiriwa barazani, akaaga kwa heshima zote, akapanda. Bi Sharubu hakunyamaza. Aliwageukia wale wanane waliobaki, wamejipanga mchangani nyuso zimechubuka, akaendelea kutaja jina moja moja, nao wakilirudia kila jina baada yake, mpaka wakafika la thelathini na moja.