Ng'ombe Hawamo Kwenye Sera

Mwanangu Minza ana miaka minne na nyuzi tano kwenye paji la uso. Nyuzi alizipata Jumanne saa nne asubuhi, wakati wa uji, dume moja lilipopita na kikombe chake, naye akiwa bado amekishika. Uwanja wa chekechea yetu hapa Sapiwi ndiyo njia ya ng'ombe kwenda lambo. Saa nne watoto wanatoka kunywa uji, saa nne hiyohiyo ng'ombe wanakwenda kunywa maji. Kila mtu ana kiu, hakuna wa kulaumiwa. Ndivyo nilivyoambiwa.

Kwa hiyo Mwalimu Martha alipotuma ujumbe kwenye grupu kwamba Ijumaa wazazi wote tuje kupitia sera ya usalama na malezi, mimi ndiye niliyejibu wa kwanza. Nilitaka kitu kimoja tu: iandikwe kwamba ng'ombe hawapiti uwanjani watoto wakiwepo. Sentensi moja. Hata kuiandika ningeiandika mwenyewe, kidato cha nne nilimaliza.

Shida ni mwenye ng'ombe. Ni baba mkwe wangu, na huyohuyo ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Jina lake silitaji. Kwa mila za hapa mke wa mtoto halitaji jina la baba mkwe, na mkikutana njiani unajipinda pembeni, unapiga goti, unaangalia majani. Ukiwa na neno naye, linapitia kwa mtu. Mimi nimekulia Binza, mjini Maswa, nikidhani mambo hayo ni ya zamani, mpaka nilipoolewa na Danford. Danford mwenyewe yuko Kalemela kwenye mpunga, na simu yake haishiki mtandao mpaka apande kichuguu.

Ijumaa tukakalishwa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa masikio. Mwalimu Martha akaanza kusoma. Sera ilikuwa imenakiliwa kutoka shule moja ya Dar es Salaam, kurasa kumi na moja, na alipofika kifungu cha tatu akasoma bila kupumua: "Mtoto haruhusiwi kukaribia bwawa la kuogelea bila mwokoaji mwenye cheti."

Mzee Kasmiri, jirani yetu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hilo bwawa mnachimba lini?"

"Halipo, mzee. Hiki kifungu tunakitoa."

"Subiri kwanza, usiwe na haraka. Huyo mwokoaji anaajiriwa na nani? Mimi nina kijana anaogelea vizuri sana."

"Mzee, hakuna bwawa."

"Sasa hivi hakuna. Lakini kazi ikitokea mkumbuke tulianza kusema sisi."

Mama Jenifer akadakia kwamba kifungu kisifutwe kabisa. Wafadhili wakija wakakuta tumefuta bwawa, watajua hatulitaki. Mtu wa nyuma akauliza maji yatatoka wapi wakati hata ya uji watoto wanabeba kwenye madumu. Mwingine akasema swali hilo ni la kukatisha tamaa. Wakabishana saa nzima, naapa. Mwisho wakapiga kura na bwawa likabaki. Basi la shule lenye mikanda nalo likapita, bila kupingwa. Basi hatuna. Tuna mikanda, maana yule wa nyuma anauza mitumba.

Nikamgusa mama mkwe wangu, Nyanjige, aliyekaa kando yangu. "Mama, mwambie Mwenyekiti ng'ombe wamemuumiza mjukuu wake. Tunaomba saa nne wasipite uwanjani."

Mama akasimama, akajifunga kanga vizuri, akasalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka."

"Mwangaluka!" ukumbi ukaitikia.

"Mke wa Danford anasema anashukuru kwa mkutano. Na mtoto anaendelea vizuri." Akakaa.

Nilimwangalia kama mtu aliyetuma chumvi akaletewa mkaa. "Mama!"

"Si nimesema?"

"Ng'ombe hujawataja hata kidogo."

"Ng'ombe wanajulikana, ng'wanawane, mwanangu. Unataka nimwaibishe mume wangu mbele ya Kasmiri?"

"Mama, nyuzi tano. Simama tena, nakuomba."

Akasimama tena, kwa shida, akishika mgongo. "Mke wa Danford anaongeza kuwa pale uwanjani kuna vumbi."

"Vumbi tumelisikia," akasema Mwenyekiti kwa sauti nzito. "Mwalimu, andika vumbi."

Mwalimu Martha akaandika vumbi. Hapo nikaona wa kunisemea sina. Nikasimama, nikampa Mwenyekiti mgongo, macho nikayaelekeza kwa mwalimu.

"Mwalimu, mimi naongea na wewe tu. Jumanne ng'ombe walimkanyaga mwanangu hapo nje. Naomba iandikwe wasipite uwanjani watoto wakiwa wanakunywa uji. Wapite barabarani."

"Khaa!" Mzee Kasmiri akatoa sauti. Mama Nyanjige akavuta kanga mpaka machoni.

Mwenyekiti hakunijibu. Angenijibuje? Naye akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, mwambie huyo mama njia ile ilikuwepo kabla ya shule. Babu yangu aliswaga ng'ombe pale. Andika hivi: watoto wasitoke darasani mpaka ng'ombe wapite."

"Mwalimu, mwambie Mwenyekiti kuna siku ng'ombe wanapita mpaka saa sita. Watoto wakae na njaa?"

"Mwalimu, mwambie uji hauozi."

"Mwalimu, muulize hao ng'ombe wamejaza fomu gani ya kujiunga na shule!"

Watu wakacheka. Mwalimu Martha alikuwa anageuza shingo huku na huku, kila mmoja akimtuma kwa mtu aliyekuwa hatua nne kutoka kwake. Maskini, mshahara wake hauna posho ya shingo.

"Wanaokubali pendekezo langu?" akauliza Mwenyekiti.

Mikono ikanyooka. Nusu ni ya watu ambao mifugo yao imo ndani ya kundi lile, nusu nyingine ni ya watu waliotaka kurudi nyumbani. Ikapita. Watoto wafungiwe, ng'ombe wawe huru. Karatasi ya saini ikazunguka, ilipofika kwangu nikampa wa jirani bila kusaini.

Mwalimu akanifuata mlangoni. "Dada Goodness, saini tu. Tutarekebisha muhula ujao."

"Muhula ujao utampa mwanangu paji lingine?"

Akakunja karatasi, akarudi ndani. Hana makosa yeye.

Mimi ni msusi, nasukia nyumbani barazani. Jumatatu nilibeba kigoda, mfuko wa rasta na mteja wangu Kabula, ambaye kichwa kilikuwa nusu, nikaenda kuketi kwenye uwazi wa ua wa minyaa, pale hasa ng'ombe wanapoingilia uwanjani.

"Dada, mbona huku?" Kabula akauliza.

"Kuna mwanga mzuri. Inamisha kichwa."

Saa nne kengele ikagongwa. Mwalimu Martha alichungulia, akatuona, akafungua mlango, watoto wakatoka na vikombe. Muda si mrefu Mayala, mchungaji wa baba mkwe, akatokea na kundi zima.

"Shemeji, pisha."

"Nasuka."

"Ng'ombe wana kiu."

"Barabara ipo, inazungukia kwa Kasmiri."

"Mzee atanifukuza kazi!"

"Basi kamwite."

Baba mkwe akaitwa, akaja na fimbo. Akasimama mbali, karibu na mti wa mlangali, akaangalia pembeni. Kunisogelea hawezi, kunifokea hawezi, na mimi sikuinua kichwa kutoka kwenye nywele za Kabula. Akatuma aitwe mama mkwe. Nikamsikia akimwambia, "Kamwambie aondoke hapo."

"Mwambie wewe," Mama Nyanjige akajibu.

"Unajua siwezi."

"Na mimi leo mgongo unauma. Nimembeba huyo mtoto akilia wiki nzima anashonwa na kusafishwa, wewe hata siku moja hukumbeba. Peleka ng'ombe wako barabarani, wamesimama juani."

Ng'ombe walikuwa wanalia kweli. Mwenyekiti akampa Mayala ishara kwa fimbo. Kundi likageuka.

Usifikiri nimeshinda. Kabla ya jioni Mzee Kasmiri alikuwa ameandika kwenye grupu kwamba pamba yake imekanyagwa, na suala lipelekwe kwenye kamati. Sera imebandikwa ukutani kama ilivyopitishwa. Baba mkwe anapita kwetu bila kusubiri nipige goti, na Danford alipanda kichuguu kunipigia aniulize nina wazimu gani.

Minza anakunywa uji nje. Mimi kila saa nne niko pale kwenye uwazi. Kichwa kimoja kinanichukua siku mbili tatu nikikivuta polepole, muhula bado una wiki tisa, na Kabula amemaliza leo. Kama una nywele, njoo. Hata kama ni fupi.