Mialoni Sitini ya Sandreth

Mfalme aliwapa watu wa Sandreth mialoni sitini kutoka msitu wake, wajenge ukuta wa kuzuia bahari. Walikuwa wamemlilia miaka minne. Miti ilipofika, ikaonekana haitoshi: ama wakinge kanisa, ambalo lilikuwa limebakiwa na hatua thelathini tu kufika ukingo wa genge lililokuwa likimegwa na mawimbi, ama wakinge mlango wa bandari.

Afisa wa mfalme, Bwana Reyner, aliwaita ufukweni wachague. Padri Anselmu akasema nyumba ya Mungu haiwekwi kwenye mizani. Watu wakainamisha vichwa.

Hawisa Brok, mjane aliyekausha samaki kwa moshi, akapenya mpaka mbele.

"Ukuta uende bandarini."

"Wewe mama!" Padri akamaka. "Mumeo Osberti si kalala pale uani kwa kanisa? Bahari itamzoa!"

"Najua alipolala, Padri. Nilimzika mimi."

"Na huoni haya?"

"Haya ninayo. Ila wafu hawali, na hawa unaowaona wanakula. Mashua zikikosa pa kuingilia, nani atabaki akusikilize misa? Kunguru?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajitia kukohoa. Bwana Reyner akamwuliza mjane kama amemaliza.

"Nimemaliza, bwana mkubwa."

Kesho yake nguzo za kwanza zikakitwa bandarini.

Ukuta ulistahimili. Mashua ziliingia na kutoka. Lakini wanawake waliokuwa na wafu wao kanisani waliacha kununua samaki kwa Hawisa, wakipishana naye njiani kama wasiomjua. Hakuwalaumu.

Majira ya baridi ya tatu, juma moja kabla ya Kwaresima, genge liliporomoka na nusu ya makaburi. Asubuhi mifupa ilikuwa imetapakaa juu ya kokoto. Hawisa akashuka na kapu. Hapakuwa na wa kujua upi ni wa nani, basi akaokota wote alioweza. Padri akamfuata, kanzu imelowa magotini, akashika upande wa pili wa kapu.

"Tutawazika wapi?"

"Huko juu, nyuma ya shamba la Wymark. Kaburi moja."

"Na Osberti?"

"Huenda yumo humu. Kama hayumo, yuko baharini. Bahari aliizoea."

Wakapanda na kapu lao. Kufika shambani, wakawakuta wale wanawake waliomsusa; walikuwa wamewasikia kule ufukweni, wakatangulia na makoleo yao, wameshaanza kuchimba. Mmoja akasogea kumpisha, naye akaingia shimoni, akachimba pamoja nao.