Wageni wa Hidra

Nyumba yetu ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka haina kitanda kitupu, kwa hiyo Lucie, mtoto wa dada yangu, alijiandaa kwa mtihani katikati ya kelele. Kila mgeni alikuwa mwalimu wake, hasa papa Balagizi, jirani asiyekosa kikombe chetu cha chai.

"Ukivuta karatasi mbaya, rudisha. Mara moja banaruhusu," Balagizi alimwambia.

Sisi wa Bukavu mtihani wa mdomo tunaujua hivyo: unavuta swali bakulini, watu wote wanakutazama. Wazee wa kanisa waliofungua kozi ya maabara pale Area 18, Lilongwe, hawakubadilisha kitu. Siku ya mtihani, nafasi ya kusoma na kulala hapo ilibaki moja. Ezechiel, mshindani wake, alikuwa ameshajibu bila kukwama, na Lucie njo alikuwa wa mwisho.

Alivuta, akasoma kwa sauti: "Linganisha mti wa jamii ya kunde na hidra wa maji baridi."

"Hidra ni nini?" nikanong'ona.

"Kadudu ka bwawani, kama uzi kenye mikono," Balagizi akasema. "Arudishe. Mti na mdudu? Banamuonea."

Akakohoa, ishara waliyopatana. Mkono wa Lucie ukaenda bakulini, ukasimama hapo juu. Niliminya goti la Balagizi mpaka akanisukuma.

"Nabaki nayo," Lucie akasema.

Mwalimu Narcisse, mtahini, akavua miwani. Lucie akatutazama sisi, benchi zima la watu wa nyumbani kwake.

"Vyote viwili vinafuga wageni," akaanza polepole. "Hidra wa kijani ana mwani ndani ya mwili, unamtengenezea chakula kwa jua. Mlusina, mti wa jamii ya kunde, una bakteria kwenye vinundu vya mizizi, wanaupa naitrojeni. Wageni nao wanapewa makao na chakula."

"Tofauti?"

"Hidra akichipua mtoto, mtoto anatoka na wageni tayari. Mche wa mlusina unatafuta wake upya, kwenye udongo unaoukuta."

"Na usipowapata?"

"Udongo ukiwa na rutuba, mche utakua. Ukiwa mbovu, utadumaa, majani manjano."

Watahini wakainamiana, wakanong'ona mpaka Balagizi akaanza kusali. Narcisse akavaa miwani.

"Lucie, njoo Jumatatu na godoro lako."

"Si nilimwambia asirudishe?" Balagizi akawatangazia watu.

Tulipofika Dzaleka, Nella, mgeni wetu wa karibuni, alikuwa ameshaweka begi lake juu ya kitanda cha Lucie.