Mgongo wa Mwalimu Masoud

Mwalimu Masoud wa Kaole aliwahi kumsifu mtoto wake mbele za watu mara moja tu, na hiyo moja ilimtosha. Yahya, kifungua mimba wake, alifunga mabao matatu kwenye fainali ya shule, na baba mtu akasimama katikati ya umati akatamba kwamba Bagamoyo nzima haina miguu kama ile. Hakutanguliza mashaallah. Siku ya tisa wakamzika Yahya. Daktari alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Majirani walisema ni jicho la husuda, na Masoud, pamoja na vyeti vyake vyote vya ualimu, aliwaamini majirani.

Kwa hiyo Naila, binti aliyebaki, alipoanza kukimbia, baba yake alikuwa ameshaufunga mdomo. Na Naila alijua kukimbia. Asubuhi maji ya bahari yakitoka, baba na binti walishuka kwenye mchanga mgumu wa ufukweni, Masoud na saa ya kupimia mbio mkononi. Naila akimaliza, mikono magotini, pumzi juu juu, huuliza, "Vipi, baba?" Masoud huitazama saa, hujibu, "Bado," kisha humgeuzia mgongo.

Akishageuka ndipo husema mashaallah, mara tatu, kwa midomo tu, bila sauti. Aliona amepata dawa: mtoto asiyesifiwa nani atamhusudu? Ualimu wote ule, na hakujiuliza hata siku moja mtoto anaona nini. Mtoto aliona mgongo.

Siku ya mashindano ya mkoa, Naila akiwa na miaka kumi na saba, aliwaacha wenzake mbali katika mita elfu moja na mia tano. Hakungoja kupongezwa na mtu. Alimwendea baba yake moja kwa moja, akauliza swali lake lile lile. Saa ilionyesha dakika nne na sekunde thelathini na saba, muda ambao Masoud hakuwahi kuupima kwa binti yeyote. Furaha ilimjaa, na hofu ikaja papo hapo, maana macho ya watu siku ile yalikuwa mengi.

"Bado," akasema, akageuka.

Naila alivua viatu pale pale, akampa Fatu, mwenzake aliyekuwa amekimbia peku. Hakulia wala hakununa. Hakukimbia tena, basi. Masoud alidhani ni hasira za siku mbili, zikawa miaka minne. Binti alipata kazi katika duka la dawa mjini. Kila asubuhi alimwamkia baba yake shikamoo na kumwekea chai mezani, heshima tele, na nyumba ilikuwa kimya hadi inaumiza.

Mwezi uliopita walimu wa michezo waliitwa kwenye semina. Mama mmoja wa chuo alizungumza kuhusu ari ya mwanamichezo, inavyowaka na inavyozimika. Alisema mtoto anayeuliza amekimbiaje haulizi saa inasemaje, anauliza kama umemwona. Wenzake waliandika. Masoud kalamu ilimgomea mkononi, akatoka kabla ya pilau, jambo ambalo yeyote aliyemjua asingeliamini.

Alimkuta Naila uani anapepeta mchele. Akamweleza yote: Yahya, jicho, na zile mashaallah za kisirisiri. Ungo ukatulia.

"Hata siku ile ya mkoa?" Naila akauliza.

"Siku ile nilisema mpaka nikapoteza hesabu."

Naila aliangalia mchele, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Mimi nilikuwa nakimbia ili ugeuke, baba."

Masoud akamwomba radhi, mzazi kumwomba mwana, kisha akamwomba washuke ufukweni kesho yake, mara moja tu. Naila alikubali kwa sababu alitaka na yeye ajue kama hamu ya kukimbia bado ipo ndani yake.

Asubuhi alikimbia peku hadi penye mikoko, akarudi. Mwili haukuwa umesahau. Masoud akasema kwa sauti, wanawake waokota kome wakisikia, "Mashaallah, mwanangu. Umekimbia vizuri sana." Hata pale aliogopa.

Naila aliweka mikono magotini. Alingoja, kama mtu anayesikiliza mlangoni pa chumba cha ndani. Ile hamu iliyokuwa ikimwamsha kabla ya adhana hakuisikia popote.

"Vipi, mwanangu?" Masoud akauliza.

"Bado," Naila akajibu taratibu, akageuka kuelekea nyumbani.

Masoud alibaki na saa yake mkononi, akiutazama mgongo wa binti yake unavyokwenda, na kutoka pale aliposimama hakuweza kuona kama midomo yake ilikuwa ikisema lolote.